Klipu za michezo ya konsoli: kunasa, kurenda na kusambaza (maswali yanayoulizwa mara kwa mara)

Kila baada ya mechi kali, au baada ya bosi (adui mkuu wa mchezo) aliyesumbua wiki nzima kuanguka hatimaye, maswali huwa yaleyale. Video imeenda wapi? Mbona nilipoituma imefika na ukungu? Mbona sauti inafika kabla ya picha? Majibu yako hapa chini, kuanzia mambo ya mwanzo hadi yale yanayomkuta mtu mara moja kwa mwaka. Kama una haraka, shika hili tu: usifute faili asili la konsoli mpaka kazi yote iishe. Kila video inapobanwa upya, yaani data yake kupunguzwa ili faili liwe dogo, hupoteza kitu, na kilichopotea hakirudi. Nusu ya majibu ya ukurasa huu yametokana na hilo.

## Kunasa

Tukio limeshapita. Bado naweza kulinasa?

Mara nyingi ndiyo. Konsoli za siku hizi hurekodi kimyakimya muda wote unapocheza, na kufuta ya zamani kadiri mapya yanavyoingia. PlayStation 4, iliyotoka 2013, huweka dakika 15 za mwisho usipobadilisha mipangilio, na inaweza kufika dakika 60. PlayStation 5 nayo hufika dakika 60. Kwenye Xbox Series X na S, kubonyeza kitufe cha Share mara moja hupiga picha, na kukishikilia huhifadhi klipu ya yaliyotokea punde. Urefu wake unauchagua mwenyewe kwenye mipangilio.

Nintendo Switch ndiyo yenye kumbukumbu fupi: sekunde 30 tu. Shikilia kitufe cha kunasa, yaani kile cha mraba upande wa kushoto, mpaka arifa itokee. Uwezo huu haukuwepo konsoli ilipotoka Machi 2017. Ulikuja na sasisho la Oktoba mwaka huohuo, na hata leo si kila mchezo unauruhusu. Kwa sekunde 30, usisubiri shangwe ziishe. Bao likiingia, shikilia kitufe papo hapo. Marudio ya mchezo yakianza kuonyeshwa, mwanzo wa shambulizi lako unakuwa umeshafutika.

Nilibonyeza mara mbili na klipu ikapotea. Nini kilitokea?

Huu ni mtego wa wanaohama kati ya PlayStation mbili. Kwenye PS5, kwa mpangilio wa kawaida, kubonyeza kitufe cha Create mara mbili huhifadhi uchezaji uliopita. Kwenye PS4, kubonyeza kitufe cha Share mara mbili huanzisha rekodi mpya, na ile akiba ya dakika 15 huachwa. Kidole kimoja, tendo moja, matokeo yanayopingana. Ukitumia zote mbili, ingia kwenye mipangilio na uchague mtindo mmoja wa vitufe utakaouzoea. Kwenye PS4 njia salama ni kubonyeza mara moja, kisha kuchagua kuhifadhi klipu kwenye menyu inayofunguka.

Sehemu ya klipu haipo, au konsoli inasema kurekodi hakuruhusiwi. Imeharibika?

Hapana. Mtengenezaji wa mchezo ana uwezo wa kufunga sehemu fulani zisirekodiwe, mara nyingi matukio ya hadithi yanayofichua mwisho, au sehemu yenye muziki wenye leseni. Wengine hufunga kila kitu: toleo la kimataifa la Persona 5, mwaka 2017, lilizuia kabisa Share ya PS4. Klipu iliyokatika mahali palepale kila ukijaribu ni dalili ya kizuizi. Klipu inayokatika ovyo mahali tofautitofauti ni jambo jingine; angalia kwanza nafasi iliyobaki kwenye hifadhi.

Sauti yangu na za wenzangu zimo?

Usikisie, jaribu. Rekodi sekunde kumi, isikilize. PlayStation na Xbox zina mipangilio tofauti ya maikrofoni yako na ya sauti za kundi, na watu wengi hugundua baada ya mwezi kwamba maikrofoni ilikuwa imezimwa. Kuhusu wenzako, waombe ruhusa hata kama konsoli imekuruhusu kuwarekodi. Mtu hucheka, hulalamika, hutaja jina la mtoto wake akidhani yuko na marafiki watano. Video ikienda hadharani inasikilizwa na asiyemjua.

Ni lini nahitaji kadi ya kunasa?

Hicho ni kifaa cha pembeni kinachowekwa kati ya konsoli na kompyuta ili kurekodi. Unakihitaji ukitaka saa nzima bila kukatika, ubora unaozidi ule wa konsoli, au sauti ya mchezo na sauti yako zikae kwenye mikondo miwili ili uzihariri kila moja peke yake. PS4 ya kawaida na Switch hurekodi 720p (mistari 720 ya picha kwenda chini; 1080p ni kali zaidi) kwa fremu, yaani picha moja moja, 30 kwa sekunde, hata kama mchezo wenyewe unakwenda kwa 60. Kadi inachukua picha kama ilivyo kutoka kwenye HDMI, kebo inayounganisha konsoli na televisheni, na programu ya OBS Studio, ambayo ni ya bure, inaiandika kwenye kompyuta. Kwa anayetaka klipu za sekunde 20 za kuwatumia rafiki zake, kadi ni mzigo usio na sababu. Tumia kitufe ulichonacho.

Nimeunganisha kadi, napata skrini nyeusi.

Karibu kila mara ni HDCP, ulinzi unaozuia kunakili filamu kupitia HDMI. Kwenye PS4 na PS5 unauzima kwenye mipangilio ya mfumo (kwenye PS5, sehemu ya HDMI). Ukiuzima, programu za filamu hazitafunguka mpaka uuwashe tena. PlayStation 3 haikuwa na swichi hiyo: HDMI yake ilifungwa muda wote, ndiyo maana waliorekodi enzi hizo walipitia kebo za komponenti, zile za zamani za analogi. Kama bado una PS3, njia ni hiyohiyo.

## Kuitoa klipu kwenye konsoli

Njia ipi haipunguzi ubora?

Ile inayonakili faili lenyewe. Kwenye PlayStation, chomeka flashi au diski ya USB yenye mfumo wa exFAT (namna diski inavyopanga faili zake) kisha nakili. Kwenye Switch, klipu zilizo kwenye kadi ya microSD zinasomeka kwenye kompyuta, na tangu sasisho la Desemba 2020 unaweza pia kuunganisha konsoli na kompyuta kwa kebo ya USB. Sasisho hilohilo lilileta njia ya simu: konsoli inaonyesha msimbo wa QR, simu inaunganika nayo, unapakua. Huenda video moja kwa zamu, lakini faili linafika zima.

Programu ya PlayStation ya simu ni rahisi kuliko zote kwa wenye PS5: ukiwasha kupakia kiotomatiki, klipu fupi za chini ya dakika tatu hukungoja kwenye simu. Kumbuka tu kwamba hukaa humo siku 14. Kwenye Xbox, tangu 2024 klipu zilizopakiwa kwenye mtandao wake kwa kawaida hufutwa baada ya siku 90. Hizo ni sehemu za kupitishia mzigo. Ghala tafuta lako.

Flashi ina nafasi tele lakini inakataa faili kubwa.

Imepangiliwa kwa FAT32, ambayo haipokei faili moja lililozidi gigabaiti 4. Ipangilie upya kwa exFAT (yaliyomo yatafutika, yahamishe kwanza). Xbox ndiyo yenye sharti lake: ili irekodi moja kwa moja kwenye diski ya nje, ambako inaweza kufika saa moja, diski hiyo lazima iwe ya USB 3.0 na yenye mfumo wa NTFS.

Zamani nilituma Twitter moja kwa moja. Kitufe kimekwenda wapi?

Kimeondolewa. Xbox iliacha Aprili 2023, PlayStation Novemba 2023, na Switch Juni 2024. Sasa klipu hupitia simu au kompyuta kwanza, na huko ndiko unakopata nafasi ya kuikata vizuri.

## Kurenda

Kurenda ni nini hasa?

Unapohariri, programu haigusi video yako. Inaandika maagizo tu: kata hapa, weka maneno pale, punguza sauti. Kurenda ni pale inapoyatekeleza, fremu kwa fremu, na kutoa faili jipya. Kwa sababu ni faili jipya, linabanwa upya, na kubanwa upya kunapunguza ubora. Basi renda mara moja, kutoka kwenye faili asili, mwishoni mwa kazi. Anayerenda, akaona kosa, akahariri kile alichokirenda, akarenda tena, anafanya nakala ya nakala.

Kama unachotaka ni kukata mwanzo na mwisho tu, huenda huhitaji kurenda kabisa. Zana ya kukata iliyo ndani ya konsoli inatosha, na programu kama LosslessCut hukata bila kubana upya. Sehemu ya kukatia inaweza kusogea kidogo kwa sababu hufuata fremu kuu za video, yaani zile chache zilizohifadhiwa nzima bila kutegemea nyingine.

MP4, WebM, H.264, H.265: nichague ipi?

Tenganisha sanduku na kilichomo. MP4 na WebM ni masanduku. H.264, H.265, VP9 na AV1 ni kodeki, yaani namna picha ilivyobanwa ndani. Ndiyo maana MP4 mbili zinaweza kutofautiana: moja ikacheza kwenye simu ya zamani, nyingine ikakataa.

PS5 inakuwezesha kuchagua kati ya WebM na MP4. WebM hubana vizuri zaidi, lakini programu kadhaa za kuhariri, iMovie ikiwemo, hazipokei. Kama huna sababu maalumu, rekodi kwa MP4 na urende kwa MP4 yenye H.264 na sauti ya AAC. Si ya kisasa kuliko zote, ila inafunguka kila mahali, na klipu isiyofunguka haina faida kwa mtu.

Niweke biti ngapi kwa sekunde?

Kiwango cha biti, yaani wingi wa data kwa kila sekunde ya video, ndicho kinachoamua ukubwa wa faili na sehemu kubwa ya ubora. Kwa YouTube, mapendekezo ya wenyewe ni megabiti 5 kwa sekunde kwa 720p ya fremu 30, megabiti 8 kwa 1080p ya fremu 30, na 12 kwa 1080p ya fremu 60. Mchezo wa mbio au wa risasi unastahili zaidi ya hapo, kwa sababu skrini nzima inabadilika kila fremu. Majani, mvua na moshi ndivyo vinavyokula biti kuliko vyote. Mchezo wa karata unaridhika na chache.

Hesabu ya ukubwa ni nyepesi: gawa megabiti kwa 8 upate megabaiti. Megabiti 12 kwa sekunde ni megabaiti 1.5 kwa sekunde, sawa na 90 kwa dakika. Hesabu hiyo ifanye pia kinyumenyume. Discord ya bure, programu ya gumzo ya wachezaji, inapokea faili la megabaiti 10, yaani megabiti 80. Klipu ya sekunde 30 ina megabiti 2.6 hivi kwa kila sekunde, sauti ikiwemo. Hapo 1080p itajaa miraba. Shuka hadi 720p kwa fremu 30, weka video 2.3 na sauti 0.128, itapita na itatazamika. Au ikate ibaki sekunde 15, ambayo kwa maoni yangu ndiyo dawa bora: klipu nyingi zina sekunde kumi za kutembea tu kabla ya tukio.

Fremu 30 au 60?

Fuata chanzo. Klipu ya Switch ina 30. Kuirenda kwa 60 ni kurudia kila fremu mara mbili na kupoteza biti. Klipu ya 60 ukiiweka kwenye mradi wa 30 inatupa nusu ya fremu, na mchezo wa kupigana utauhisi mara moja. Angalia mipangilio ya mradi kabla ya kuanza, maana programu nyingi huufanya mradi ufuate klipu ya kwanza uliyoiingiza. Ukitaka mwendo wa polepole, hapo 60 ni hazina: punguza kasi nusu na bado una fremu 30 halisi kwa kila sekunde.

Sauti inaachana na picha kadiri video inavyoendelea. Naona kazi yote imeharibika.

Haijaharibika. Dalili yenyewe ndiyo jibu: mwanzo mambo sawa, mwisho sauti imeachana na picha. Klipu ina fremu zisizo na mwendo thabiti. Kifaa kilipozidiwa kiliruka fremu kidogo, na programu ya kuhariri ikachukulia kwamba zote zimepangana sawasawa. Pitisha faili kwenye HandBrake, programu ya bure, ukichagua kiwango thabiti cha fremu, kisha hariri toleo hilo. Ndiyo, huko ni kubana mara moja zaidi, hivyo weka ubora juu sana katika hatua hiyo.

Sauti ikiwa imeachana kwa kiasi kilekile tangu mwanzo hadi mwisho, hilo ni tatizo jingine na jepesi: ni ucheleweshaji wa kadi ya kunasa. Isogeze sauti kwa kiasi hicho, basi.

Mbona rangi zimepauka kama nguo iliyofuliwa mara mia?

Ulirekodi HDR (picha yenye masafa mapana ya mwanga na rangi) na unatazama kwenye skrini au programu isiyoielewa. Njia fupi ni kuzima HDR ya konsoli kabla ya kurekodi. Kwa klipu iliyokwisha kunaswa, unahitaji programu inayoweza kugeuza HDR kuwa rangi za kawaida, kama DaVinci Resolve. Kuongeza ukolezo wa rangi kwa mkono hakufiki mbali.

Kama huna HDR na weusi unaonekana kijivu, shuku masafa ya rangi. Televisheni hutumia viwango 16 hadi 235, kompyuta 0 hadi 255. Kadi ikituma kimoja na OBS ikatarajia kingine, weusi unapauka au giza linameza kila kitu. Vifanye vyote viwili vikubaliane.

Mchezo wangu una marudio ninayoweza kuzungusha kamera. Hiyo nayo ni klipu?

Hapana, na tofauti yake ni kubwa. Marudio ya aina hiyo hayana picha hata moja. Yamehifadhi yaliyotokea: nani alikuwa wapi, alifyatua lini, mpira ulielekea wapi. Mchezo unaigiza upya yote hayo unapotazama. Halo 3 ya 2007 iliwafundisha wachezaji wa konsoli utamu wa jambo hili: faili dogo, kamera huru, na rafiki yako anatazama shambulizi lako kutoka pembe ambayo hata wewe hukuiona ukicheza. Fortnite nayo ina marudio ya namna hiyo.

Ubaya ni kwamba yanategemea toleo la mchezo. Sasisho likija, sheria za mchezo zinabadilika na marudio ya zamani mara nyingi hayafunguki tena. Kwa hiyo likiwa tukio unalolipenda, lichezeshe, chagua pembe, na lirekodi kama video kabla ya sasisho lijalo. Hili ninalisisitiza kwa moyo wote. Video utaifungua baada ya miaka kumi. Marudio huenda yasifike mwezi ujao.

## Kusambaza

Mbona WhatsApp inaiharibu?

Kwa sababu inaibana upya ili ipite haraka. Itume kama hati badala ya video: faili linakwenda bila kuguswa, hadi gigabaiti 2. Mpokeaji ataipakua kwanza ndipo aitazame, na kwa klipu nzuri atavumilia.

YouTube inaonyesha ukungu ingawa faili langu ni safi.

Ngoja kwanza. YouTube huandaa toleo la chini mapema na yale ya juu baadaye, kwa hiyo dakika za mwanzo si za kuhukumia. Ukungu ukibaki, kuna ujanja unaofanya kazi: ikuze 1080p yako hadi 1440p wakati wa kurenda. Hutapata undani mpya, ila YouTube huipa video hiyo kodeki bora na biti nyingi zaidi. Na kama video inazidi dakika 15, thibitisha akaunti yako kwanza, la sivyo haitapokelewa.

Nataka ya wima kwa ajili ya simu.

Tengeneza mradi wa 1080 kwa 1920. Usikate katikati tu na kuondoka: ramani, damu iliyobaki na idadi ya risasi vyote viko pembeni mwa skrini. Ama sogeza fremu ifuate tukio, ama weka mchezo katikati na vipande muhimu vya pembeni juu yake. Shorts, yaani video fupi za wima za YouTube, zinapokea hadi dakika tatu tangu Oktoba 2024.

Nimepata onyo la hakimiliki, na mchezo niliununua.

Kununua mchezo kunakupa ruhusa ya kuucheza. Onyo lenyewe aghalabu linahusu wimbo uliomo, si mchezo. Mfumo wa Content ID wa YouTube unatambua redio ya ndani ya gari la mchezo sawasawa na wimbo wowote. Tafuta kwenye mipangilio ya sauti: Cyberpunk 2077, kwa mfano, ina swichi ya kuzima nyimbo zenye leseni. Izime kabla ya kurekodi, kwa sababu baadaye muziki na milio ya risasi vimeshachanganyika.

Kuhusu mchezo wenyewe, soma masharti ya kampuni. Nintendo walitoa mwongozo Novemba 2018: wanataka uongeze ubunifu au maelezo yako, lakini klipu zilizonaswa kwa kitufe cha konsoli zinaruhusiwa hata bila nyongeza. Microsoft nao wana kanuni zao za maudhui ya michezo.

Niangalie nini kabla ya kubonyeza "chapisha"?

Itazame yote, mara moja, hadi fremu ya mwisho. Tafuta barua pepe kwenye menyu, msimbo wa kadi ya zawadi, ujumbe wa rafiki uliojitokeza juu ya skrini, jina halisi la mtu badala ya jina lake la mchezo. Vitu hivi hukaa sekunde mbili na mtazamaji anaweza kusimamisha.

## Yanayotokea mara chache

Umeme ulikatika wakati OBS inarekodi. Faili halifunguki.

MP4 ya kawaida huandika faharasa yake mwishoni. Ikikatwa kabla, hakuna programu inayojua pa kuanzia. Zipo zana za kuikarabati, hasa ukiwa na faili jingine zima lililorekodiwa kwa mipangilio ileile, lakini usiahidi mtu. Kwa rekodi zijazo weka OBS iandike MKV, sanduku jingine la video, ambayo hubaki salama mpaka sekunde ilipokatikia, kisha tumia menyu yake kuihamishia kwenye MP4 bila kubana upya.

Faili asili nimelifuta, nimebaki na ile ya WhatsApp. Naweza kurudisha ubora?

Programu za kukuza picha zitanoa kingo na kubuni undani ambao haukuwepo. Maandishi madogo na nyuso za mbali hazitarudi. Kabla ya kuzijaribu, tafuta kwingine: programu ya PlayStation kama siku 14 hazijaisha, mtandao wa Xbox kama siku 90 hazijaisha, kadi ya microSD ya zamani, na YouTube yenyewe kama uliwahi kuipakia hata kwa faragha, maana YouTube Studio, ukurasa wa mwenye chaneli, hukuruhusu kuipakua. Waulize pia uliocheza nao. Konsoli ya mwenzako nayo ilikuwa inarekodi mechi ileile, kutoka upande wake.